Nyumba tuliyoifufua Italia imetangazwa kuuzwa, na mimi bado nimo ndani

BARUA

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, nina miaka 59, na kwa miaka 27 sasa nimeishi shambani katika mkoa wa Umbria, Italia, mwendo wa robo saa kwa gari kutoka mji wa Todi. Mume wangu alikuwa Mwitaliano, fundi wa mabomba aliyekuja Malindi kufunga mitambo ya maji hotelini. Alinioa 1996. Februari mwaka jana alifariki, Mungu amlaze pema. Nakuandikia kwa sababu kila mtu ana neno la kuniambia, na karibu wote huniambia kwa Kiitaliano, isipokuwa kaka zangu, ambao huniambia kwa simu.

Mwaka 1998 tulinunua gofu. Sikutanii. Huku nyumba ya mawe ya shambani huitwa kasale, na hilo letu lilikuwa limeachwa tangu wakulima wake walipoondoka. Walikuwa wakilima kwa nusu, nusu ya mavuno yao na nusu ya mwenye ardhi, wakachoka wakaenda viwandani. Chini palikuwa zizi la ng'ombe, juu ndiko walikoishi watu, joto la ng'ombe likiwapandia sakafuni. Tulipolikuta, paa lilikuwa limeingia ndani, mtini umeota jikoni, na ukutani pana ufa ambao majirani walisema ni wa tetemeko la Septemba 1997. Mimi niliyekulia karibu na magofu ya Gede nikamwambia mume wangu: kule kwetu mahali kama hapa watu hulipa kiingilio wakatazama, hawahamii.

Ilituchukua miaka tisa. Mchana alikuwa na mabomba ya watu, jioni na Jumamosi tulikuwa na nyumba. Mawe tuliyatandaza uwanjani tukayachambua, ya pembeni mbali, ya kujazia mbali. Vigae vya sakafu nilivisugua kimoja kimoja. Juu tuliweka boriti mpya za mti wa castagno. Yeye aliziita travi, mimi nikaziita boriti mpaka naye akaniiga. Fundi wa kuta alitaka kupaka saruji. Babu yangu alikuwa mchoma chokaa, kwa hiyo najua ukuta wa mawe ukiuziba kwa saruji unyevu hubaki ndani ukaula. Nikagoma. Yule fundi alicheka sana, mwanamke wa Afrika kumfundisha kazi, lakini chokaa ndiyo iliyopakwa, na leo kila anayefufua kasale huku anataka chokaa.

2003 nilimwomba mume wangu anijengee baraza mbele ya mlango, upande wa jua la jioni. Hakujua baraza ni nini. Nikamchorea mchangani kwa kijiti. Akaijenga kwa mawe yaliyobaki, urefu mita nne, kimo cha goti. Hapo tulimenyea maharage, hapo binti yetu alifanyia kazi za shule, hapo mume wangu aliketi jioni ya kabla ya kupelekwa hospitali.

Watoto ni wawili. Binti yetu ana miaka 25, anafanya kazi Bologna. Kijana wa mume wangu kwa mke wa kwanza ana 44, yuko Milano. Matanga yalipotimiza mwaka kijana akasema nyumba iuzwe. Akaleta wakala, wakapiga picha mpaka kutoka angani, tangazo likatoka: mita za mraba 260, hekta 4, mizeituni 130, Todi ikionekana kilimani, euro 480,000. Nililisoma nikiwa jikoni kwangu. "Kasale la karne ya 18 lililokarabatiwa kwa ustadi." Sawa. Halafu: "Mbele ya mlango, benchi asilia la mawe."

Benchi asilia! La karne ya 18! Nilicheka, halafu nikalia mpaka mbwa akaja kunitazama.

Sasa Waholanzi wawili, mke na mume, wametoa ofa ya 450,000. Wakala ameleta karatasi wanayoiita proposta ili nitie sahihi, na kwa kuwa sijajibu wameisogeza hadi mwisho wa mwezi. Kijana anasema changu ni theluthi tu kwa sababu hati ina jina la baba yake peke yake, na kwamba ninawachelewesha. Alipokuja na hiyo karatasi hakulala hapa. Alilala hotelini Todi, kama vile nyumba ya baba yake ina ndui. Asubuhi alipita akaomba nimpe lile koleo la mbao la kuingizia mikate tanurini. Nikampa, nikajisemea, hata hilo nalo!

Binti analia nisiuze. Eti atakuja kulea watoto wake hapa. Hana mtoto, hana mchumba, na huja Pasaka na wiki moja ya Agosti.

Kaka zangu wamenitafutia kiwanja upande wa Mambrui na wanataka nitume amana. Kaka mkubwa hunipigia kunikumbusha: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mdogo hana subira, yeye husema mkataa kwao mtumwa. Desemba iliyopita nilikwenda wiki tatu. Nililala chumba cha wageni, watoto wa kaka wananiita Shangazi wa Italia, na sokoni nilitajiwa bei ya Wazungu.

Na huku nako, kipupwe kinanimaliza. Upepo wa kaskazi, ambao Malindi huleta joto, huku ndio unaokata masikio. Gesi ya kupasha nyumba ni ghali, kuni nazibeba mwenyewe, nguruwe mwitu wamefukua bustani yote. Jirani wa karibu yuko kilomita moja na nusu. Januari theluji ilipofunga njia ya kuja kwetu siku nne, nilikuwa mimi na mbwa.

Kuna mama mmoja wa kijijini aliyezaliwa humu, chumba cha juu, 1938. Kila mwaka zeituni zikishavunwa huja kutazama meko. Hasemi mengi. Huweka mkono juu ya jiwe la meko, hunywa kahawa, huenda zake. Mwaka huu alikiona kibao cha wakala getini, akaniangalia, akanywa kahawa yake, akaenda.

Mume wangu amezikwa makaburi ya kijiji. Tarehe 2 Novemba, siku ya wafu, nilimpelekea maua. Nikiuza, nani atampelekea?

Nikae au nirudi?

Mke wa Fundi, Umbria


JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa msiba, na pole kwa mwaka uliofuata msiba, ambao mara nyingi ndio mzito zaidi kwa kuwa watu wameshaacha kuja.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na nadhani ina mambo mawili yaliyofungwa kamba moja. Kuna nyumba ambayo warithi watatu wanapaswa kuamua itakuwaje. Na kuna wewe, mjane wa miaka 59, unayejiuliza uzee wako uuweke wapi. Kijana, wakala na Waholanzi wanataka la kwanza limalizike mwisho wa mwezi. Kaka zako wanataka la pili limalizike kabla kiwanja hakijachukuliwa. Hizo tarehe zote ni zao. Katika barua yako nzima sijaona tarehe uliyoiweka wewe.

Kabla ya yote, ile karatasi. Mimi si mwanasheria, kwa hiyo haya yapeleke kama maswali kwa notaio, yule ofisa wa sheria anayethibitisha mauzo ya nyumba, na ikiwezekana umwone pia wakili wako mwenyewe, maana notaio ni wa pande zote. Lakini usiyapeleke baada ya kutia sahihi. Kwa sheria ya Italia proposta ikikubaliwa na mnunuzi akajulishwa, inakuwa mkataba wenye nguvu. Malipo ya awali yakitolewa kama kishika mkataba, muuzaji anayejitoa anaweza kudaiwa arudishe mara mbili. Si karatasi ya kumridhisha mtu aliyesafiri kutoka Milano.

Na theluthi hiyo, nani kaipima? Huko Italia mkioana bila kutamka kwamba kila mtu na mali yake, kinachonunuliwa ndani ya ndoa kwa kawaida ni cha wote wawili, hata hati ikiwa na jina la mmoja. Nyinyi mlioana 1996, mkanunua 1998. Kama hamkuchagua mali mbalimbali, nusu ya nyumba ilikuwa yako hata mume wako alipokuwa hai, na urithi ni wa ile nusu yake tu. Kama hakuacha wasia, mjane mwenye watoto wawili wa marehemu hupata theluthi ya hiyo nusu. Jumlisha: theluthi mbili za nyumba nzima ni zako, na kila mtoto ana sudusi. Kama mlichagua mali mbalimbali, basi kijana yuko sahihi, ni theluthi. Sijui mlichagua lipi, na huenda hata yeye hajui, anasoma jina kwenye hati. Cheti cha ndoa na kumbukumbu zake ndivyo vya kutafuta kwanza.

Hesabu ikiwa yoyote, sheria hiyo humpa mjane haki ya kuendelea kuishi katika nyumba waliyokaa na mumewe, na kutumia vyombo vilivyomo, maisha yake yote. Haki hiyo huwezi kuiuza wala kuipangisha, ni ya kukaa wewe. Kwa hiyo hakuna wa kukutoa hapo kwa sababu Waholanzi wana haraka. Upande wa pili nao usiufiche: mrithi asiyetaka kubaki katika mali ya pamoja anaweza kwenda mahakamani kuomba igawanywe, na kesi za namna hiyo hula miaka na undugu. Haki yako ni ngao nzuri. Ukiishi nyuma ya ngao miaka kumi mkono huchoka.

Kuna jambo jingine dogo ambalo huenda likakupa muda hata usipouomba. Huko nyumba haiuzwi ikiwa ramani iliyosajiliwa hailingani na jinsi ilivyo kweli. Mlipojenga miaka tisa kwa mikono yenu, je, kila dirisha lililofunguliwa na kila kibanda kilichoongezwa kilisajiliwa? Hapo wauzaji wengi wa makasale hukwama. Na kama jirani anayepakana nanyi ni mkulima hasa, anaishi kwa ardhi yake, huenda ana haki ya kupewa nafasi ya kwanza ya kununua shamba kwa bei ile ile. Wakala mzuri angekuwa amekuuliza hayo kabla ya kupiga picha kutoka angani.

Yametosha ya sheria. Sasa nikuulize kuhusu kijana.

Umemsoma kama mtu anayetaka fedha, na pengine anazitaka, Milano si mahali pa bei ndogo. Lakini mwanamume wa miaka 44 anayelipa hoteli robo saa kutoka nyumba ya baba yake, halafu asubuhi anarudi kuomba koleo la mikate? Mpenda fedha angeomba funguo. Gofu lilipokuwa likifufuliwa alikuwa na miaka 17, 18, 19. Hujaniambia alikuwa wapi Jumamosi zile. Kama alikuwa Milano kwa mama yake akijua baba yake anabeba mawe pamoja na mke mwingine, hiyo ni nyumba ya aina moja kwake. Kama alikuwa hapo akibeba mawe, ni ya aina nyingine. Inawezekana anataka iuzwe kwa sababu hawezi kulala ndani yake. Simtetei, simjui. Nasema tu kwamba hamjazungumza juu ya baba yake, mmezungumza juu ya proposta, na mkate ungeweza kuwafungulia mlango ambao karatasi imeufunga. Mwulize aliwahi kuoka na baba yake lini.

Binti naye analilia watoto ambao hawajazaliwa, na mimi sitamcheka. Ana miaka 25, amempoteza baba, anataka kitu kimoja kibaki mahali pake. Lakini anachokuomba ni kwamba wewe uwe mlinzi wa utoto wake, na wewe ndiye unayebeba kuni. Ni haki umwambie hivyo, kwa upole, na kwa namba: gesi ni kiasi gani, paa lilihitaji nini mwaka huu, nani hukata nyasi chini ya mizeituni 130. Kama anaitaka nyumba kweli, basi azungumze na kaka yake kuhusu kununua sehemu yake kidogo kidogo. Kama hawezi, angalau atakuwa amejua anachokiomba kina uzito gani.

Kaka zako wamekurushia methali mbili, na zote mbili nazijua tangu utotoni. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Sijui kama kaka mkubwa amewahi kusafiri na jahazi. Ngamani ndimo maji machafu ya chombo yanamokusanyika, na anayerudi humo hukabidhiwa ndoo ayafue. Mbona hiyo sehemu hakukutajia?

Ya mdogo ni kali zaidi, kwa hiyo niliirudia barua yako kwa kalamu mkononi. Malindi umeiita kwetu. Jikoni umeandika "jikoni kwangu". Kwa Kiswahili chetu hayo si neno moja: kwetu ni pa watu wangu, kwangu ni panapolala mwili wangu. Mtu anaweza kuwa na kwetu Malindi na kwangu Umbria miaka 27 bila kumkataa mtu yeyote. Lakini mara moja, katika sentensi ya theluji, umeandika "njia ya kuja kwetu". Mume yuko kaburini, binti yuko Bologna, njia imefungwa, uko na mbwa, na kalamu ikaandika kwetu. Huenda ni mazoea tu ya mkono. Huenda mkono unajua jambo ambalo bado hujaliruhusu mdomo kulisema. Mimi sitakuchagulia.

Nikueleze langu. Nyanya yangu alikuwa na nyumba ya mawe Mkomani, Lamu, yenye zidaka ukuta mzima wa ndani na boriti zilizotiwa rangi nyekundu na nyeusi. Wajomba waliiuza nikiwa msichana, kwa Mzungu aliyeipenda kwa dhati. Akaifufua vizuri kuliko sisi tungeweza, ukweli ni huo. Miaka mingi baadaye nilialikwa chai humo. Zidakani palikuwa na mishumaa. Chumba cha nyuma, alimooshewa nyanya safari yake ya mwisho, palikuwa pa kutundika nguo za kuogelea. Mwenyeji akanieleza historia ya nyumba kwa adabu kabisa, karne kwa karne, na sisi hatukuwamo. Sikumsahihisha. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri kunyamaza. Kwa hiyo hilo benchi lako asilia nimelicheka na kulililia pamoja nawe.

Lakini tazama, wewe uko pande zote mbili za kisa changu. Waliolima kwa nusu waliacha ile nyumba, mkaingia nyinyi, na nina hakika wageni wenu walipokuja mliwaeleza mlivyoifufua. Mlimtaja yule aliyezaliwa chumba cha juu 1938?

Nirudi kwenye njia ulizo nazo. Kuuza yote na kurudi ni njia halali. Hatari yake ni kwamba haina kurudi nyuma, na unakopanga kwenda ulikuwa mgeni kwa zile wiki tatu za Desemba. Kuna na jambo la karatasi: ulichukua uraia wa Italia mwaka gani? Kama ni kabla ya Katiba ya Kenya ya 2010, uraia wako wa Kenya huenda ulikatika, na asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya zaidi ya kupangishwa kwa miaka isiyozidi 99. Mzaliwa anaweza kuomba kurudishiwa uraia, lakini aombe kwanza, kiwanja baadaye. Na hicho cha Mambrui, kabla ya amana, kipekuliwe kwenye ofisi ya ardhi na wakili uliyemchagua wewe, kipimwe, na mtu aende akaone nani analima au anaishi hapo. Ardhi ya pwani yetu ina hati upande mmoja na maskwota wa miaka hamsini upande mwingine, na kaka zako wanalijua hilo kuliko mimi. Mtu anayekupenda hataudhika ukichunguza.

Ukihama Italia moja kwa moja, pensheni ya mjane kwa kawaida hukufuata, lakini daktari wako wa kijijini hakufuati. Uliza hilo ukiwa bado na nguvu. Na kama utaiacha nyumba bila kuiuza na hukai tena humo, ile kodi ya majengo ambayo mkaazi husamehewa itaanza kukudai.

Kuna njia ya katikati ambayo Waitaliano wenyewe huitumia sana: kuuza umiliki wa nyumba huku mzee akibakiza haki ya kukaa na kuitumia hadi mwisho wake. Mnunuzi hulipa kidogo kuliko bei kamili kwa sababu anasubiri. Kwa miaka 59 utamsubirisha sana, kwa hiyo punguzo litakuwa kubwa, na watoto wote wawili lazima wakubali. Waholanzi wako wanataka majira ya joto yajayo, si ya miaka thelathini, kwa hiyo ungetafuta mnunuzi mwingine. Ingekupa fedha lakini isingekupunguzia theluji.

Wengine hupangisha kwa watalii. Wewe peke yako, kilomita moja na nusu kutoka kwa jirani, ukibadilisha mashuka ya watu kila Jumamosi? Unajua mwenyewe. Na warithi wengine lazima wawemo.

Na kuna njia ambayo haiamui kitu bado. Zeituni zako mmeshazivuna. Kuanzia sasa hadi Machi mti hauna haja nawe sana, na Malindi ni kaskazi, ile ya joto. Nenda miezi hiyo, lakini si chumba cha wageni kwa kaka. Panga nyumba yako ndogo, yenye jiko lako, nunua samaki mwenyewe mpaka wachoke kukutajia bei ya Wazungu. Wiki tatu hukufanya mgeni, miezi minne huanza kukuonyesha. Ina gharama: mabomba ya nyumba huganda asipokuwepo mtu (mume wako angekucheka), mbwa anahitaji pa kukaa, kijana ataona unamkwepa. Mwambie tarehe ya kurudi, kwa maandishi, ili asubiri kitu badala ya kusubiri hewa. Na Waholanzi? Watangoja au hawatangoja. Ukiwakosa ni hasara ya kweli, maana mnunuzi wa 450,000 hapatikani kila wiki, na soko la nyumba hizo hungoja sana.

Kuhusu kaburi, nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo swali pekee uliloliuliza kwa sauti yako mwenyewe. Vijijini kwenu kuna wanawake wanaofanya kazi ya kutunza makaburi ya watu waliohama, kwa malipo au kwa urafiki. Kwa hiyo maua yatapata mpelekaji. Kama ulichotaka kuuliza ni kwamba wewe utakaa wapi bila yeye, hilo maua hayalijibu, wala nyumba, wala kiwanja.

Yule mama wa meko hakukunyamazia bure alipokiona kibao. Yeye amekwisha kufanya jambo unaloliogopa: aliondoka katika nyumba ile ile, na hakuhama mbali, akawa akiitazama kila mwaka ikianguka, halafu kila mwaka ikiinuka mikononi mwa wengine. Hakuna mtu Umbria, wala Malindi, wala mimi hapa, anayejua habari hiyo kama yeye. Wiki hii, kabla ya notaio, mpelekee chupa ya mafuta mapya, na safari hii wewe ndiye unywe kahawa kwake. Mwulize siku waliyofunga mlango ilikuwaje, na walichukua nini, na waliacha nini kwa makusudi. Akitaka kukaa kimya, kaeni kimya. Akitaka kujua, mweleze baraza ni nini, na nani aliijenga, na mwaka gani.